Sato wa Nyuma ya Jiko

Nilikuwa sijamaliza hata miezi miwili ya kustaafu ualimu nilipong'oa migomba ya mume wangu. Ilikuwa minne, nyuma ya jiko, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Aliipanda mwaka tuliohamia Segerea. Yeye ni mtu wa mlimani, na kwao mgomba ni kama ndugu. Sikuing'oa kwa siri. Nilimwambia Jumapili, tumetoka kanisani, kwamba pale mahali nataka kuchimba bwawa la samaki. Akasema, "Tutazungumza." Hiyo tutazungumza yake naijua, haina mwisho. Jumatano nikaleta vibarua wawili, na yeye aliporudi kutoka msibani Ukonga akakuta shimo.

Hakupiga kelele. Alikuwa karani maisha yake yote, na hasira zake huziweka kwenye faili. Alisimama ukingoni, akalitazama shimo, akanitazama mimi.

"Sawa," akasema. "Samaki wako, maji yako. Mie nisiulizwe."

"Hutaulizwa," nikamjibu. "Siku utakayonisikia nakuomba uwatupie hata punje moja, jua nimeshindwa. Na bwawa nalifukia siku hiyohiyo."

Nilisema hivyo mbele ya vibarua na mbele ya shemeji yangu, aliyekuwa ameongozana naye kutoka msibani. Shemeji akacheka. Mimi sikucheka, na mume wangu hakucheka. Kwa miaka yote niliyosimama mbele ya darasa la tano niliwaonya watoto wasijiapize ovyo, kisha mimi mwenyewe, mtu mzima na mvi zangu, nikajifunga kamba mchana kweupe.

Lazima niseme kiburi changu kilitoka wapi. Nimezaliwa kisiwani, Ukerewe. Baba alikuwa na mtumbwi, mama alikuwa na kichanja cha kukaushia, na sato nilimla kabla sijaota meno, mama akinitolea miiba kwa vidole. Hapa Dar mtu akisikia unatoka ziwani anakuona kama umezaliwa na mapezi. Ofisi ya walimu walikuwa wakinunua samaki wananiita niwakagulie mashavu. Watu wakikwambia jambo kwa miaka thelathini unaliamini. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama kwetu tulifuga samaki, na mimi sikuwahi kujiuliza. Tulivua. Kuwalisha, kuwazalisha na kuwasafishia maji ilikuwa kazi ya Mungu.

Basi nilipokwenda Boko kwa mama mmoja anayetotolesha vifaranga vya samaki, akaniuliza, kwa upole kabisa, "Dada, nikupe madume matupu au mchanganyiko?"

Nilimcheka. "Wewe uliona wapi mtu anafuga majogoo matupu? Nipe mchanganyiko, wazaliane."

"Dada, sato akichanganywa kwenye bwawa dogo ana ishu kidogo. Ngoja nikueleze..."

"Mwenzio nimezaliwa ziwani," nikamkata.

Akanijazia vifaranga mia tano kwenye mifuko ya nailoni, akapuliza hewa, akafunga kwa raba. Nikarudi navyo Segerea nimevipakata mapajani.

Wakati huohuo binti yetu alipiga simu kutoka Mbeya, alikoolewa, kusema kwamba ana ujauzito. Ni mtoto wetu wa kwanza na wa kike peke yake. Sasa kwetu, upande wa mama yangu, mtoto wa kwanza wa binti huogeshwa na bibi mzaa mama. Yeye ndiye anayemwogesha tangu siku ya kwanza mpaka kitovu kidondoke, na kitovu kikidondoka yeye ndiye anayekipokea. Akishakipokea, yule mtoto ni wake kwa namna ambayo hata wajukuu watakaofuata hawatakuwa. Mama yangu alivuka ziwa, akapanda treni siku mbili, akafika Dar ambako hakuwa amewahi kukanyaga, akaniulizia wodi kwa wodi mpaka akanipata. Huyu binti wa Mbeya alioga mikononi mwa mama yangu, kwenye beseni la bati.

Nikamwambia, "Mwanangu, nitakuwepo. Siku ya kwanza nitakuwepo."

Mipango ilikaa vizuri kwenye kalenda ya ukutani. Sato miezi sita wanatosha sahani. Nitawavua, nitalikausha bwawa, nitapanda basi la Mbeya nikiwa na wiki tatu za kupumzika kabla ya mtoto. Binti mwenyewe hakuweza kuja kuzalia kwangu, kwani daktari alimkataza safari tangu mwanzo. Kwa hiyo kila kitu kilinisubiri mimi, na mimi niliwasubiri samaki.

Hakuna aliyeniambia kwamba bwawa la nyuma ya nyumba halikuachi uende hata sokoni ukatulia. Maji ya bomba huja mara mbili kwa wiki, na yana dawa, kwa hiyo huwezi kuyamwaga moja kwa moja. Unayakinga kwenye tangi, unaacha mfuniko wazi siku mbili dawa iruke, ndipo unayaingiza. Siku ya maji unabaki nyumbani ukinge, na siku ya kuyaingiza unabaki pia. Katikati unapima ukijani: unatumbukiza mkono mpaka kiwiko, ukiacha kuona vidole, maji yamezidi, yapunguze. Asubuhi chakula, pumba na mashudu na dagaa za kusaga. Saa kumi chakula tena. Nilitandaza wavu juu kwa ajili ya mdiria, yule ndege mdogo wa buluu asiye na haya, na mdiria akajifunza kupita pembeni. Nikaacha kwenda kwaya. Nikaacha kikao cha akina mama cha Alhamisi. Harusi ya mtoto wa rafiki yangu nilikaa mpaka keki tu, nikaondoka mbio kama nimeacha jiko linawaka.

Mume wangu alikaa barazani na redio yake. Hakuulizwa, na yeye hakuuliza.

Mwezi wa nne niliona vitu vyeusi vinachezacheza ukingoni, vidogo kuliko punje za mtama. Niliinama, nikaona ni samaki wachanga, kundi zima, na mama yao yuko chini yao. Nilipopitisha kivuli cha mkono, alifungua mdomo wakaingia wote. Nilipiga kigelegele peke yangu nyuma ya jiko. Nilipiga picha, nikatuma kwenye kundi la familia, nikaandika, "Wajukuu wa kwanza wamefika." Binti akanijibu na vikatuni vya kucheka. Shemeji akaandika, "Hongera mtu wa ziwani." Nilitembea siku nzima kichwa juu.

Baada ya wiki tatu kulikuwa na makundi manne. Baadaye sikuweza kuhesabu. Na wale wakubwa, wale mia tano wa Boko, wakawa hawakui. Mwezi wa tano walikuwa kiganja. Mwezi wa sita walikuwa kiganja kilekile. Niliongeza chakula. Waliokula ni wadogo, nao wakakua kidogo, nao wakataga.

Aliyenifumbua macho ni mzee wa duka la pumba, Mwarabu wa hapahapa mtaani ambaye babu yake alikuwa na duka kabla ya sisi sote kujenga. Alikuja mwenyewe kuniletea kiroba kwa sababu, alisema, ununuzi wangu ulimtia wasiwasi. Alisimama pale ukingoni, mikono nyuma ya kanzu.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, Mwalimu. Hawa perege, hawa sato wako, umechanganya dume na jike?"

"Nimechanganya."

"Lahaula. Basi hapa huna bwawa, mama, una kijiji. Jike akiwa na watoto mdomoni hali, wiki mbili hali. Akiwatema, anataga tena. Atakua saa ngapi? Na watoto wanakula chakula cha baba zao. Sie shamba letu la Bagamoyo tulikuwaga tunaweka madume tu. Mwaga maji, chagua, anza upya."

"Nianze upya na miezi sita yangu yote imekwenda?"

"Miezi sita imekwenda, uanze upya usianze," akasema, akaenda zake.

Alikuwa amesema kweli, na ilinichoma kwa sababu nyuma ya pazia la dirisha la jikoni niliona kivuli cha mume wangu. Alikuwa amesikia neno kwa neno. Nilimsubiri aseme kitu wakati wa chakula cha jioni. Alisema ugali umeiva vizuri. Ningependa angesema, Mungu anisamehe. Ningependa angesema "si nilikwambia," ili nami nipate pa kumrushia sahani.

Sikumwaga maji. Kumwaga ilikuwa kukiri. Nikajiambia watakua tu, nitawalazimisha. Nikanunua viroba vya mbolea ya kuku, nikatia bwawani ili maji yashike rutuba, nikaongeza pumba mara mbili. Maji yakawa kama mlenda. Wiki moja baadaye nilitoka alfajiri nikakuta samaki wote juu, maelfu, midomo nje ya maji, wakifungua na kufunga. Sauti yake ni ndogo, kama mtu anayekunywa chai ya moto, lakini iko kila mahali. Hewa ilikuwa imewaishia majini. Nilichukua ndoo, nikawa nachota na kumwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, mpaka jua likapanda wakarudi chini.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila alfajiri. Saa kumi na moja nimeshika ndoo. Mgongo uliniuma hata nikiwa nimelala. Jirani mmoja, aliyekuwa akinichungulia juu ya ukuta akienda kazini, alinitania kwamba hata wafungwa wa gereza letu la Segerea hupata Jumapili. Nilimwonyesha meno nikacheka. Alipokwisha kupita niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia. Niliwachukia wale samaki. Niliwachukia kwa sababu hawakutaka kukua, hawakutaka kufa na hawakunipa ruhusa ya kuondoka.

Binti alijifungua wiki tatu kabla ya siku zake. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, mikono yangu imejaa utelezi wa maji ya kijani. Mkwe wangu ndiye aliyepiga. Mtoto wa kiume, mdogo lakini mzima, mama mzima. Nikasikia sauti ya binti nyuma, imechoka, "Mwambie mama aje." Kisha akachukua simu mwenyewe. "Mama, watu wa hospitali wamemfuta tu kwa kitambaa. Nimewaambia wasimwogeshe, nakusubiri wewe."

"Nakuja," nikasema. "Nakuja, mwanangu."

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alikuwa amevaa viatu. Akatoka, na baada ya saa moja na nusu akarudi na tiketi ya basi la alfajiri ya Jumamosi, jina langu limeandikwa. Akaiweka juu ya meza, akaweka na kile kitenge changu kipya ambacho sikujua hata kama anajua kilipo.

"Nenda kaogeshe mjukuu," akasema. "Hawa nitawaangalia mimi."

"Huwajui."

"Nawajua. Mkono mpaka kiwiko, usipoona vidole punguza maji. Tangi liache wazi siku mbili. Alfajiri ndoo. Asubuhi kiroba kile, saa kumi nusu yake." Akaonyesha dirisha la jikoni. "Miezi saba nakaa dirishani, unadhani natazama nini?"

Mwanamke mwenye akili angemkumbatia. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku ile, nalo halijaniachia. Mume wangu alikuwa ananipa mkono, bila shemeji, bila shahidi, na hakuniambia niombe. Ningeweza kuchukua tiketi na nisingekuwa nimeshindwa mbele ya mtu yeyote. Lakini niliposikia anavyoijua kazi yangu, hatua kwa hatua, damu ilinipanda. Sikuogopa kwamba angewaua samaki. Niliogopa kwamba angewaweza. Nilimwona akikaa pale barazani nikirudi, samaki wametulia, maji safi, naye anasema ugali umeiva vizuri.

"Siku nne," nikamwambia. "Nitabadilisha maji yote, watulie, ndipo niende. Kairudishe hiyo, wabadilishe tarehe."

"Kitovu hakisubiri maji," akasema.

"Siku nne tu!"

Hakuirudisha. Aliiacha pale mezani, na Jumamosi alfajiri basi liliondoka bila mimi, nami nilikuwa nachota na kumwaga.

Maji hayakuja Jumapili. Yalikuja Jumatatu, nikakinga, nikasubiri siku mbili za dawa, na Jumatano nikaingiza. Alhamisi samaki walikuwa juu tena. Kila siku niliongea na Mbeya. Siku ya kwanza binti alisema, "Tunakusubiri, mama." Siku ya pili alisema mtoto ananuka maziwa shingoni, watamfuta tena. Siku ya tatu alisema mama mkwe wake amekuja kutoka Tukuyu, na kwamba kuna baridi, na kwamba mtoto hawezi kukaa hivyo. Aliniuliza, hakunieleza. "Mama, amwogeshe?"

Nikasema, "Amwogeshe tu, mimi niko njiani."

Sikuwa njiani. Nilikuwa nimesimama kwenye matope ya uani kwangu, nusu saa kwa gari kutoka stendi.

Siku ya saba, Ijumaa asubuhi, niliingiza mkono mpaka kiwiko nikaviona vidole vyote vitano. Maji yalikuwa mazuri. Nilifurahi, nasema ukweli, nilifurahi kwa dakika nzima. Nikafuta mkono kwenye kitenge nikatazama simu, kulikuwa na ujumbe wa binti: "Kitovu kimedondoka usiku. Mama amekipokea." Nilisoma lile neno mama mara mbili kabla sijaelewa kwamba hakuwa ananitaja mimi.

Nikafungua mpira wa kutolea maji. Sikumwita mtu. Maji yalitoka kuelekea mtaroni asubuhi nzima, na yalipobaki ya magoti nikaingia na wavu. Mume wangu alitoka na ndoo mbili, akavua viatu, akaingia upande wa pili. Tulivua mpaka alasiri. Walijaa ndoo tisa, na katika ndoo zote tisa hapakuwa na samaki mmoja wa kuzidi kiganja changu. Majike wengine walitema watoto walipotolewa majini, watoto wakamwagika kwenye tope. Tuliwagawa mtaa mzima. Mzee wa pumba alichukua ndoo ya kulishia paka wake, akashukuru kwa heshima zote. Waliobaki nilikausha kwa moshi, kama nilivyofundishwa na mama, hiyo kazi nilikuwa naijua kweli.

Nilifika Mbeya siku ya tisa, jioni, na furushi la samaki wale wadogo. Mkwe mwenzangu alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Ni mwanamke mpole, mnene, mwenye sauti ya chini, na ningekuwa na raha zaidi angekuwa mbaya. "Karibu mama, pole na safari," alisema, akanivua mzigo. Asubuhi yake alichemsha maji, akayapima kwa kiwiko, akatandika kanga, kisha akasogea pembeni. "Leo mwogeshe wewe, mama. Mjukuu wako."

Nilimpokea. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Kitovu kilikuwa kimekauka vizuri, kimeingia ndani, hakina hata alama. Nilimshika kama mama yangu alivyoshika, shingo kwenye mkono wa kushoto, nikaanza na uso. Akalia. Nikamwimbia, akazidi kulia, akijinyoosha kuelekea sauti ya yule bibi aliyekuwa akimbembeleza karibu na jiko.

Binti alikuwa ameketi kitandani, amejifunga kitenge tumboni, ananitazama mikono. Aliniuliza taratibu, bila ugomvi, kama anavyouliza mtu anayetaka kujua tu.

"Mama, baba anasema alikukatia tiketi ya Jumamosi ile. Ni kweli?"

Ningeweza kusema chochote. Nikasema, "Ni kweli."

Akakikaza kitenge tumboni. Kisha akainuka polepole, maana mshono ulikuwa bado unamuuma, akaja, akanyoosha mikono akamchukua mtoto wake akiwa ametota hivyohivyo.

"Basi mama, kapumzike," akasema. "Maji yameshapoa."